Mengineyo

Naandika kwa kalamu ya kuazima,
daftari la shule, nyuma yake jedwali la kuzidisha.
Kikao cha kumi na nne, Kwamdimu, mbele ya Muheza.
Waliohudhuria: ishirini na watatu.
Udhuru mmoja: Mpangala, yuko Songea, msibani.

Mpangala ana ufunguo wa tatu.

Kwa asiyejua: sanduku letu lina kufuli tatu.
Ufunguo wa kwanza anao Bi Mwanshamba wa mihogo,
wa pili Shekivuli, fundi baiskeli,
wa tatu Mpangala, ambaye babu yake aliletwa hapa
kwa namba, kukata mkonge,
na namba ile wajukuu bado wanaijua kwa ghibu.
Tulimchagua kwa sababu hakuomba.

Mji huu ulikuwa na saa: king'ora cha korona.
Korona ya mkonge, siyo ile ya barakoa.
Alfajiri hata majogoo walikisubiri.
Kilipokoma, watu waliondoka mmoja mmoja,
kama nyuzi zinavyochomoka kwenye kamba;
huoni ni lini kamba imekwisha.
Waliosema "naenda mara moja Dar,"
sebuleni mwao leo imeota mipapai.

Ulikuja mradi, ukaleta bango, ukaondoka.
Bango sasa ni ukuta wa banda la Mama Chambo:
kuku huingia kwenye "Maendeleo,"
hutokea kwenye "Endelevu."

Sisi tulianza na mia tano tano za Jumatano.
Aliyekosa mia tano alileta yai.
Nikaandika: yai.
Majuma sita tuligombana, bomba kwanza au paa la soko?
Mntangi akasema maji ni uhai.
Wauza nyanya wakasema maji tunayo,
yanatuangukia kichwani.
Likapita paa.

Sasa bati ziko Muheza, mwenye duka anataka chake,
vuli imeshapiga hodi,
na ufunguo uko Songea.

Juma la kwanza tulisema: msiba una mambo yake.
La pili: simu yake haipatikani.
La tatu, mtu akatamka kwa sauti ndogo
lile ambalo wote tulilikalia kama mkeka:
amefika kwao, atarudi kufuata nini?

Shekivuli akaleta msumeno wa chuma, akaulaza mezani.
Haukuguswa.
Haukuondolewa pia.
Tukapiga kura. Wakatao, kumi na mmoja.
Wasiokata, kumi na mmoja.
Mimi katibu nikasema mkono wangu una kazi, unaandika.

Alikuja Alhamisi, pamoja na mvua,
kwa miguu kutoka njia panda,
ufunguo shingoni kwenye uzi wa mkonge,
na uzi umemwachia mchirizi mwekundu.
Nauli, alisema, iliishia Mombo.
Hakuna aliyemweleza habari za msumeno.
Aliuona mwenyewe.
"Mnakata nini?"
"Spoki," akasema Shekivuli,
akaanza kutafuta baiskeli.

Tukafungua.

Nimehesabu mara mbili: bati sitini na nne.
Soko linahitaji tisini.
Upande wa nyanya umefunikwa,
upande wa dagaa bado una nyota.
Mhina amepaka rangi mlango wa duka, nusu, rangi ikaisha.
Fundi cherehani ametokea Korogwe, anasema anapita tu;
anapita na cherehani mbili na kitanda.

Mwalimu alitaka niandike "mji umefufuka."
Sijaandika.
Nimeandika: bati sitini na nne, misumari kilo tano,
yai moja halijulikani lilipo.

Mengineyo.
Ilipendekezwa ufunguo wa tatu uchongwe nakala,
ikae kwa katibu, kwa dharura.
Ilikataliwa kwa sauti zote,
hata za wale kumi na mmoja.